Zulia Lililoshiba Maji

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Saa moja kasoro robo, kabla jengo halijafunguliwa, Bi Zulia alikuwa amekwisha kukamua tambara la deki mara nne na kumwaga ndoo mbili za maji ya tope. Pale mlango mkuu, mahali ambapo zamani palikuwa na zulia, sasa palitandazwa maboksi yaliyokunjuliwa, na maboksi yenyewe yalikuwa yamelowa hadi yanachanika mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Aliyaokota vipande vipande, akatandaza makavu, akafuta marumaru za pembeni, akarudi kuanza upya. Karibu na nguzo ya kushoto mkono wake uliharakisha wenyewe. Hapo hakufuta, alipita tu.

"Hapo umeruka," mlinzi wa mlangoni alimwambia. Watu walimwita Kamanda, kwa kuwa alimpigia saluti kila aingiaye, hata muuza karanga.

"Sijaruka."

"Umeruka. Kila siku unaruka hapo hapo."

Bi Zulia akatandaza boksi jingine. Kamanda akakohoa, akageuka kutazama mvua. Alikuwa amekigusa kidonda bila kukusudia.

Jina la Bi Zulia alipewa na Kamanda huyo huyo. Kila msimu wa mvua ulipokaribia, mama yule alikuwa akiwafuata wakubwa ofisi hadi ofisi kuwaeleza habari za zulia la mlangoni, kama mtu anayedai mtoto wake. Alikuwa anajua anachokisema. Kabla ya kuajiriwa hapa alifanya usafi miaka tisa katika hoteli kubwa, chini ya msimamizi mmoja mkali, mwembamba kama ufito, aliyewafundisha kwamba sakafu husafishwa mlangoni. Nje liwekwe zulia lenye meno, likwangue tope. Ndani lifuate la nyuzi ngumu, halafu la kunyonya maji. Yote kwa pamoja yafike hatua sita, kila mguu upate zamu tatu. Chini liwe na mpira mzito ulioshika sakafu, kingo ziwe zimelala. Na liondolewe kabla halijashiba. "Zulia lililoshiba maji," msimamizi yule alikuwa akisema, "ni dimbwi lenye rangi."

Hapa alikuta zulia moja tu, la kijani, urefu wake hatua mbili, na mpira wa chini ulikwisha kukauka na kumeguka kama ukoko. Mvua ikinyesha lilielea. Bi Zulia alilibandika kwa utepe wa gundi, utepe ukaisha. Akaomba mwingine. Aliandika barua ya kuomba utepe mara tatu, kwa mkono wake, na mara zote tatu aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi.

Kisha ikaja ile siku. Miezi miwili na siku nne zilikuwa zimepita, naye hakuhitaji kalenda kuzihesabu.

Lilikuwa juma la uhakiki wa wastaafu. Kila miezi sita wazee walitakiwa kufika wenyewe, kwa miguu yao, kuthibitisha kwamba bado wako hai. Mwalimu mmoja mstaafu, mrefu, mwenye koti la mvua lililofifia rangi, aliweka kidole kwenye mashine ya dirisha namba tatu saa nne na dakika kumi. Mashine ikakubali kwamba yu hai. Lakini karani akamwambia kopi yake ya kitambulisho haionekani vizuri, atoke akatoe nyingine duka la ng'ambo ya barabara. Mzee akatoka kwenye mvua. Aliporudi, kopi amezikumbatia kifuani zisilowe, alimkuta Bi Zulia ameinama na deki lake karibu na nguzo. Akasimama juu ya lile zulia la kijani.

"Ngoja nifute miguu vizuri, binti yangu," alisema. "Nisije nikaharibu kazi yako."

Akaanza kufuta. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kwa bidii, kama mtu aliyelelewa. Zulia likaondoka chini yake. Bi Zulia alisikia mlio wake, *shwaa*, mrefu na mwepesi, kisha kichwa cha mzee kikapiga marumaru. Mlio huo wa pili hakuwahi kumsimulia mtu.

Alifikishwa hospitali kwenye gari la msamaria mmoja, na hospitali wakaandika kwamba aliletwa akiwa amekwisha kufariki.

Tangu hapo Bi Zulia hakuweza kuvumilia kumwona mtu akifuta miguu. Nyumbani kwake aliondoa tambara la mlangoni. Binti yake, ambaye alikuwa akishonea watu nguo chumba cha mbele akiwa na ujauzito wa miezi saba, alilitafuta siku mbili. "Mama, tope lote linaingia ndani, kwani lile tambara limeliwa na nini?" Alimjibu kwamba limechakaa. Na akiwa amelala, akiwa anapika, akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu, alisikia *shwaa*. Wakati mwingine ulikuwa upepo kwenye pazia, wakati mwingine mtu amefungua gazeti. Wakati mwingine haikuwa chochote.

Saa mbili mlango ukafunguliwa. Ilikuwa siku ya wastaafu waliokosa uhakiki wa kwanza au walioambiwa warudi na karatasi nyingine, na foleni ilikwisha kufika ukutani nje. Wakaingia na miamvuli, mifuko ya plastiki kichwani, viatu vimejaa maji. Bibi mmoja akasimama kwenye maboksi, akaanza kuburuta soli.

"Pita tu, mama! Usifute!" Bi Zulia alimwambia kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Lakini nina tope, mwanangu."

"Pita. Nitafuta mimi."

Bibi akapita akimtazama kwa mashaka, kama mtu aliyefokewa kwa kosa asilolijua. Nyuma yake Bi Zulia akafuta nyayo. Nyuma ya nyayo hizo zikaja nyingine.

Saa tatu Afisa Utawala alishuka ngazi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai fupi na harufu ya marashi, na alikuwa na kawaida ya kusema "mama" kwa namna iliyofanya neno hilo lisikike kama cheo cha chini.

"Mama, njoo utusaidie kubeba. Mfanyabiashara wa mazulia amefika."

Bi Zulia akaliegemeza deki ukutani, akamfuata. Kwa miezi miwili alikuwa ameambiwa kwamba zulia litanunuliwa. Katika chumba cha mikutano, mfanyabiashara alikuwa ametandaza sampuli tatu juu ya meza. Alikuwapo Afisa Utawala, mhasibu aliyekuwa akijipangusa miwani, na mkuu wa mapokezi, dada mmoja kijana aliyeandika kila kitu kwenye daftari.

"Hili jekundu," mfanyabiashara alisema, akilipapasa, "ndilo linalotakiwa siku hizi. Tunachapisha nembo ya ofisi katikati, kwa rangi ya dhahabu. Mgeni rasmi akiingia wiki ijayo, jicho linaanzia hapo."

"Zuri sana," Afisa Utawala alisema.

Bi Zulia alikuwa amesimama ukutani kama alivyoambiwa. Alilitazama lile jekundu kutoka mbali, akajua. Miguu yake ikatembea yenyewe hadi mezani, akalikunja ncha na kuligeuza. Chini lilikuwa na kitambaa chembamba, laini kama shuka.

"Hili halina mpira," alisema.

Mfanyabiashara akacheka. "Mama, hilo lina uzito wake."

"Uzito wake ni wa kukauka. Likilowa linateleza." Akalishika la pili, la kijivu, lililotupwa nyuma ya mengine, akaligeuza pia. Mpira mweusi, vishimo vidogo vya kunyonya sakafu, kingo nyembamba zilizolala. Akamimina juu yake maji ya kwenye glasi ya mkuu wa mapokezi. Maji yakazama kati ya nyuzi, juu pakabaki pakavu kiasi. Akafanya hivyo kwa lile jekundu, maji yakakaa juu yakitetemeka.

"Chukueni hili la kijivu," alisema. "Hata bila nembo. Na hatua mbili hazitoshi, mlango ule unataka hatua sita. Na la nje lenye meno. Na yanunuliwe mawili mawili, moja likiwa mlangoni, lingine linakauka. Halikunjwi, linaviringishwa. Halifuliwi kwa sabuni nyingi, sabuni ikibaki ndani ndiyo inayovuta tope. Mkinipa hayo, hakuna..." Akakwama. "Hakuna mtu atakayeanguka."

Mhasibu akavaa miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"La kijivu ni ghali mara mbili," mhasibu alisema, kwa upole kidogo.

"Rahisi ndiyo ghali, bosi."

"Mama," Afisa Utawala alisema, "tulikuita kubeba. Nani ameanguka? Katika jengo hili hakuna mtu aliyeanguka." Akamgeukia mfanyabiashara. "Jekundu. Tena tuachie hiyo sampuli, iwekwe mlangoni leo leo, maana yale maboksi yanatuaibisha."

Mkuu wa mapokezi aliandika. Kalamu yake ilisimama kidogo kwenye karatasi, kisha ikaendelea.

Wengine walipotoka, Afisa Utawala alimbakiza Bi Zulia. Akafungua faili, akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Kuna jambo dogo la kumalizia. Saini hapa chini."

Alisoma polepole, maana miwani yake ilivunjika mwaka uliopita na hakununua nyingine. Karatasi ilisema kwamba siku ile, yeye mfanya usafi, alikuwa ameondoa zulia tangu asubuhi kwa ajili ya kufuliwa. Kwamba sakafu ilikuwa kavu. Kwamba mzee aliyetajwa alitoka nje ya jengo akiwa na afya na hakuonekana tena.

"Alirudi," Bi Zulia alisema.

"Daftari la mlinzi linasema alitoka saa nne na robo. Halisemi alirudi."

"Mtu aliyekwisha kuandikwa asubuhi haandikwi mara ya pili akirudi. Utaratibu ni wenu."

"Basi kwa mujibu wa daftari hakurudi." Akaweka kalamu juu ya karatasi. "Mama, mkataba wako unaisha mwezi ujao. Mimi ndiye ninayeandika nani aendelee. Binti yako si yuko karibu kujifungua? Usijitafutie balaa. Aliyekufa amekufa. Na lile zulia la zamani, lililoko stoo, lipeleke nyuma kwenye tanuri la takataka likachomwe. Leo."

"Niachie karatasi niisome vizuri."

"Kabla ya saa sita iwe mezani kwangu."

Akashuka stoo na karatasi mfukoni mwa aproni. Stoo ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha. Lile zulia la kijani lilikuwa limesimamishwa pembeni, limeviringishwa, refu kidogo na jembamba mabegani. Kwa miezi miwili alikuwa akichukua ndoo na fagio bila kulitazama, akiwa amelipa mgongo, na kila mara alipotoka alihisi kama amemwacha mtu humo ndani amesimama gizani anamsubiri. Leo alilitazama. Kwenye ncha moja nyuzi zilikuwa zimekauka na kugandamana, nyeusi kuliko tope. Hakuna aliyemwambia alifue, na yeye hakuthubutu.

"Twende," alisema, hakujua anaongea na nani. Akaliinamia, akalitupia begani.

Njia ya kwenda tanurini ilikuwa moja tu, kupitia ukumbi wa wastaafu. Akatoka na mzigo wake akiwa amepinda. Ukumbi ulikuwa umejaa, wazee kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama na namba zao mkononi. Mlangoni Kamanda alikuwa amekwisha kutandaza ile sampuli nyekundu. Kwenye dirisha namba tatu alisimama mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, na Bi Zulia alipomwona alisimama na mzigo wake.

Alimjua. Ni mjane wa mwalimu. Alikuja kila Jumanne tangu mazishi kudai mafao ya mumewe, na kila Jumanne alipita karibu na nguzo ya kushoto, viatu vyake vikikanyaga palepale, bila kujua. Na kila Jumanne Bi Zulia alijificha stoo hadi aondoke.

"Bibi, nimekueleza," karani alikuwa akisema. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka. "Siyo mimi, ni mfumo. Siku ya uhakiki na siku ya kifo haziwezi kuwa moja. Nikiingiza tarehe ya kifo, unakataa. Unasema mzee alikuwa hai siku hiyo."

"Alikuwa hai asubuhi, mwanangu. Saa nne na nusu hakuwa hai. Cheti cha hospitali si hicho?"

"Cheti hakisemi alipatwa na nini wala wapi. Inatakiwa barua ya Utawala ieleze. Bila hiyo, mfumo unahesabu kwamba kuna mtu alikuja kuweka kidole badala yake. Huo ni udanganyifu, bibi. Unaweza kushtakiwa."

"Kidole cha nani? Nilimkata chake nikaja nacho?"

Mzee mmoja kwenye foleni alicheka, akajizuia.

"Kwa hiyo mimi ni mke wa mtu au ni mjane?" mama yule aliuliza. "Niambie tu, nijue."

Karani akatazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetarajia kioo kimjibie. Kisha akachapa kijikaratasi, akakisukuma chini ya dirisha. "Kwa sasa ninachoweza kukupa ni hiki. Kinasema uhakiki wake unaofuata ni baada ya miezi minne. Kinasema afike mwenyewe."

Mjane alikichukua. Alikisoma midomo ikitembea. Hakulia. Alikikunja mara mbili, akakitia kwenye kipochi, taratibu, kama mtu anayehifadhi barua ya mumewe.

Bi Zulia alihisi zulia begani limekuwa zito mara mbili. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua kumi mbele yake. Angepita. Angefika tanurini, angetia saini, mwezi ujao angepata mkataba, binti yake angejifungua, na kila Jumanne angejificha. Akazihesabu hizo Jumanne kichwani. Hazikuwa na mwisho.

"Mama," aliita.

Mjane aligeuka.

"Aliangukia hapa. Mumeo. Nilikuwapo."

Wazee kwenye viti wakageuza vichwa. Bi Zulia akatua mzigo. Akaenda hadi mlangoni, akaiburuta pembeni ile sampuli nyekundu, akatandaza zulia la kijani palepale lilipokuwa siku ile, ncha yake ikielekea nguzo ya kushoto. Akachukua ndoo ya deki, akamimina maji, kiasi cha mvua ya nusu saa. Kisha akaweka mguu juu yake, akashika nguzo kwa mikono miwili, na akafuta. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto.

*Shwaa.*

Zulia likaruka hadi kwenye viti vya mbele. Bibi mmoja akapiga yowe. Bi Zulia alibaki akining'inia kwenye nguzo, pumzi imemwisha, na kwa mara ya kwanza mlio ule ulikuwa nje ya kichwa chake, watu wote wameusikia.

"Alikuwa anafuta miguu," alisema. "Aliniambia asiniharibie kazi yangu. Nilikuwa hapa na deki, mkono wangu ungemfikia, haukumfikia. Niliomba utepe mara tatu. Leo ofisi imeniambia nisaini kwamba hakurudi. Alirudi. Alikuwa na kopi zake kifuani, hakutaka zilowe."

Mjane alikuja pole pole. Akasimama palipoonyeshwa, akainama, akaweka kiganja juu ya marumaru yenye maji, akakiacha hapo.

"Ndiye," alisema. "Hata kwangu alikuwa hivyo. Anafuta miguu mlangoni mpaka mboga inapoa. Nikimwambia ingia, bwana, anasema umefagia." Akamtazama Bi Zulia kutoka chini. "Walikuwa wanasema aliugua barabarani peke yake. Nilikuwa nalala nikiwaza alikuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake, mama. Nilimshika kichwa."

Kwenye viti, mzee mmoja mwenye kofia ya pama alisimama kwa kujisukuma na mkongojo. "Mimi siku ile nilikuwa namba thelathini na mbili," alisema. "Nilikuwa nyuma yake. Tulimbeba na huyu mlinzi. Nilifikiri mambo yalikwisha kuandikwa." Sauti nyingine ikasema, "Hata mimi nilikuwapo." Na nyingine.

Mjane akatoa kwenye kipochi cheti cha hospitali, nakala yake. Akakigeuza nyuma, palipokuwa peupe. Yule wa kofia aliandika maelezo, mistari minne, kwa mwandiko wa kalamu ya zamani, herufi zimesimama wima kama askari. Kisha akatia saini, wakamfuata wengine mmoja baada ya mwingine, mwalimu mmoja, muuguzi, fundi wa reli, kila mmoja na namba yake ya ustaafu. Bi Zulia alitia ya tano. Kamanda alitazama ngazi, akatazama karatasi. Akavua kofia yake, akaja, akasaini haraka haraka, akarudi mlangoni kama mtu aliyeiba.

Karatasi ikapitishwa chini ya dirisha namba tatu. Karani aliisoma yote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni nzuri," alisema, akairudisha chini ya dirisha. "Lakini inataka muhuri."

"Muhuri uko wapi?" mjane aliuliza.

Karani akatazama ngazini. Mwenye muhuri alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono mmoja kwenye tai. Alikuwa hapo kwa muda.

"Siwezi kugonga muhuri kwenye mgongo wa cheti cha hospitali," Afisa Utawala alisema kwa utulivu. "Huo si utaratibu. Kamanda, ondoa hiyo takataka ukaichome. Rudisha zulia jipya. Wazee wangu, samahani kwa usumbufu, huduma inaendelea. Na wewe mama, aproni na funguo."

Bi Zulia alivua aproni. Kwenye mfuko wake ilikuwamo ile karatasi iliyopigwa chapa, bado haina saini. Akaitoa, akampa mjane badala ya kumrudishia mwenyewe.

"Ina nembo yao na jina la mumeo," alimnong'oneza. "Kapige kopi, halafu nenda nayo kwa wakili yeyote. Usiitoe mkononi."

Mjane aliipokea, akamshika kifundo cha mkono, akakibana. Akatoka kwenye mvua, karatasi mbili kifuani, amezifunika na upande wa nguo yake, akitembea kwa uangalifu mkubwa. Bi Zulia alimtazama hadi alipovuka barabara na kuingia duka la kopi.

Kamanda aliburuta zulia la kijani hadi nyuma. Aliporudi alikuwa ananuka moshi na hakumwangalia mtu usoni. Akatandaza tena lile jekundu.

Bi Zulia alichukua mwavuli wake stoo. Alimpigia binti yake simu, akamwambia atarudi mapema, mengine watazungumza. "Unaumwa?" binti aliuliza. "Hapana, mwanangu. Nimemaliza kazi." Akafika mlangoni ili atoke.

Mzee mmoja alikuwa anaingia. Alikuwa dhaifu, mkono mmoja ukitetemeka, viatu vimejaa tope hadi kamba. Akapanda juu ya zulia jekundu lililoanza kulowa, akatazama marumaru zinavyong'aa, akainua mguu ili aufute.

Bi Zulia aliufunga mwavuli. Akasimama mbele yake, akaweka mguu wake mmoja juu ya ukingo wa zulia kulikandamiza, akamnyooshea mkono.

"Nishike hapa, baba. Usiogope, futa taratibu."

Mzee akamshika. Alifuta mguu wa kulia, akapumzika, akafuta wa kushoto. "Mungu akubariki," alisema, akapita. Nyuma yake walikuwa mama wawili. Nyuma yao mwingine mwenye mkongojo. Kila mmoja alipewa mkono hadi amalize.

Saa nane kasoro robo Afisa Utawala alishuka tena, akamkuta bado amesimama pale, bila aproni, nguo yake imelowa hadi magotini.

"Wewe mama, hukusikia? Wewe si mfanyakazi wa hapa tena."

"Nimesikia," Bi Zulia alisema bila kugeuka, na akamnyooshea mkono bibi aliyekuwa ndio kwanza anapanda kizingiti.